Mdogo wangu karudi Saudia ana homa na kikohozi, alikuwa anachunga ngamia. Korona ya ngamia ndio ile ile ya 2020?

Mwana_Chumbageni:

Wakuu salaam. Naombeni msaada maana hapa nyumbani hatulali.

Mdogo wangu alikuwa Saudia mwaka mmoja na miezi minane. Mkataba ulisema dereva, alipofika kafili, yaani mwajiri wake, akampeleka jangwani kwenye azba ya ngamia, kulisha, kukamua, kusafisha zizi, ndio kazi aliyofanya mpaka siku anaondoka. Karudi Ijumaa iliyopita mzima kabisa, tumekula wote sinia moja, tumecheka. Jumatatu akaanza kusema mwili unauma, usiku homa ikapanda, Jumanne kikohozi kikavu, na leo Alhamisi akipanda zile ngazi tano za barazani anasimama ya tatu anavuta pumzi kwanza ndio anamalizia. Kijana wa miaka 26 huyo aliyekuwa anabeba magunia ya majani ya ngamia kichwani.

Jana tulimpeleka zahanati moja ya karibu. Wakampima malaria, hakuna. Wakampa antibayotiki na dawa za kushusha homa tukaambiwa turudi baada ya siku tano. Hakuna aliyemuuliza umetoka wapi wala unafanya kazi gani, na sisi hatukusema maana hatukujua kama inahusu.

Sasa jioni amekuja jirani yetu aliyekaa Muscat miaka mingi, alipomwona akaniita pembeni akasema huyu mlazeni peke yake, kule kuna korona ya ngamia inaua watu. Nimebaki nimeganda. Bi mkubwa ana kisukari mwaka wa 11 huu na ndiye anayemkanda, ndiye anayemlisha uji, usiku analala chumba kimoja naye kwa sababu anasema mtoto akikohoa hivyo hawezi kumwacha.

Naomba kuuliza, hii ya ngamia ndio ile ile Uviko ya 2020 imebadilika jina au ni kitu kingine? Inaambukizwa vipi, hewa, kugusana, vyombo? Ile chanjo tuliyochanjwa inasaidia? Mwenye uelewa anieleze kwa lugha ya kawaida tafadhali.

---

BintiSalalah:

Pole sana kaka, Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi. Usisubiri hizo siku tano. Mimi nafanya kazi za ndani huku Omani, nilipopata homa mwaka juzi nikafika hospitali hata sijakaa kwenye kiti nesi kaniuliza umekaribia ngamia, umekunywa maziwa ya ngamia, umekaa na mgonjwa wa kifua. Nilidhani ananitania kumbe kwao ndio swali la kwanza. Kwa hiyo mpelekeni hospitali kubwa na mseme wenyewe, msingoje kuulizwa.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku:

Mwana_Chumbageni soma hii kwanza halafu maelezo mengine utayasoma baadaye ukitulia.

Mgonjwa aende hospitali ya mkoa leo hii, sio kesho, kwa sababu kukatika pumzi kwenye ngazi ni dalili ambayo hatuisubirii. Avae barakoa tangu anatoka mlangoni, madirisha ya gari yafunguliwe yote, mama asiwemo kwenye gari. Kama unaweza kupiga simu kabla piga. Mkifika msikae kwenye benchi na watu, mmoja atangulie aseme maneno haya haya: "Nina mgonjwa ana homa na kifua, ametoka Saudia siku sita zilizopita, alikuwa anahudumia ngamia." Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko vipimo vyote alivyopimwa jana. Muda tunaouangalia ni siku 14 tangu mtu atoke kule, na yeye bado yumo ndani ya hizo siku.

Na mama atoke kile chumba. Najua ni kazi ngumu kumwambia mama hivyo, mwambieni atamsaidia mwanawe zaidi akiwa mzima.

Haya sasa maswali yako.

Korona sio ugonjwa mmoja, ni ukoo wa virusi. Wanaotuambukiza sisi binadamu tunaowajua ni saba. Wanne kati yao umeshawaugua wewe, nimeshawaugua mimi, na watoto wako wameshawaugua au watawaugua, maana ni mafua haya haya ya kawaida. Wana majina ya maabara tu, 229E, OC43, NL63 na HKU1, wawili wa kwanza walijulikana tangu miaka ya 1960 na wawili wa mwisho 2004 na 2005. Wanakuja, pua inavuja siku nne tano, wanaondoka, na baada ya mwaka hivi kinga inalegea unaweza kuugua yule yule tena. Kwa mzee sana au mtu mwenye kifua kibovu wanaweza kushuka mapafuni lakini wengi wetu hata hospitali hatuendi.

Watatu waliobaki ndio wakali. SARS iliyoanzia Guangdong, China, mwishoni mwa 2002. MERS ndio hiyo ya ngamia, iligunduliwa 2012 kwa mgonjwa aliyefia Jeddah, na aliyeigundua ni daktari wa maabara Mmisri, Ali Mohamed Zaki, alipoona makohozi ya mgonjwa yana kirusi kisichofanana na chochote anachokijua. Wa tatu ni Uviko, Wuhan, Desemba 2019. Kwa hiyo jibu ni hapana, ya ngamia sio ile ya 2020, ni ndugu wa ukoo mmoja tu, na chanjo ya Uviko haikukingi na MERS. MERS mpaka leo haina chanjo iliyoidhinishwa kwa watu wala dawa yake maalum. Tunachofanya ni kumpa oksijeni, kuangalia figo, kumshikilia mpaka mwili wenyewe upigane.

Sasa kuambukiza, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndio penye kukutoa hofu na pia penye kukutia hadhari. Kirusi hakiingii mwilini hivi hivi, lazima kipate mlango kwenye seli. SARS na Uviko wanatumia mlango mmoja, unaitwa ACE2, na Uviko hasa anapenda puani na kooni. Akishakaa juu hapo, ukiongea, ukiimba, ukicheka, anatoka na pumzi, na anatoka siku moja mbili KABLA hujajisikia vibaya. Ndio maana alituzunguka dunia nzima, mtu yuko harusini anacheza mzima wa afya na huku anagawa. MERS anatumia mlango mwingine kabisa. Huo mlango kwa ngamia umejaa puani, kwa hiyo ngamia anapata kamasi tu na kukohoa kidogo huku anamwaga virusi kwa wingi, hasa ndama. Kwa binadamu mlango huo uko chini kabisa mapafuni. Kirusi kikishuka huko kinaleta nimonia mbaya, na figo zinaweza kufeli, lakini kwa kuwa kiko chini hakitoki kirahisi kwa kuongea. Ndio maana unaona jambo la ajabu, MERS inaua karibu wagonjwa 35 katika kila 100 waliothibitishwa, na bado tangu 2012 wagonjwa waliothibitishwa ni elfu mbili na mia sita na kitu duniani kote, wengi wao Saudia. SARS iliua kama 10 katika 100, wagonjwa elfu nane na kidogo, vifo 774. Uviko inaua asilimia ndogo sana ukilinganisha na hizo lakini vifo vilivyoripotiwa vimepita milioni 7, kwa sababu ilifika kwa kila mtu.

SARS yenyewe ilizimwa, Julai 2003 WHO ikatangaza mnyororo wa maambukizi umekatika. Haikuwa bahati tupu. Mgonjwa wa SARS alikuwa anaambukiza zaidi wiki ya pili, wakati ameshalala kitandani hawezi hata kusimama, kwa hiyo ukimtenga mapema umeshamaliza. Uviko hakukupa hiyo nafasi.

Wanaoambukizwa MERS na mtu mwenzao ni wale wa karibu kabisa. Anayelala naye, anayemfuta makohozi, anayemlisha. Yaani mama. Na mwenye kisukari au figo au kifua cha siku nyingi ndiye inayomlemea zaidi. Kwa hiyo jirani yako amekosea kitu kimoja tu, kuita pembeni, angesema mbele ya wote.

Sisemi mdogo wako anayo. Inaweza kuwa homa ya mafua makali, inaweza kuwa Uviko aliyoipata kwenye ndege, inaweza kuwa nimonia ya bakteria. Nasema haijulikani mpaka apimwe, na hakuna atakayempima kama hamjasema habari ya ngamia.

---

Mwana_Chumbageni:

Nimesoma mara mbili. Tunatafuta gari sasa hivi. Asante nesi, asante binti.

---

Mtoto_wa_Korr:

Nesi heshima yako lakini hapa kidogo sikubaliani. Mimi ni wa Marsabit, sisi tumezaliwa na ngamia. Mzee wangu alikamua miaka sitini. Unasimama na mguu mmoja, ule mwingine umeukunja goti liko juu ndio linashika chombo, asubuhi bado giza, unaachilia ndama anyonye kwanza ndio mama ateremshe maziwa, halafu unamsukuma ndama kando na unakamua haraka haraka kabla hajabana. Na unakunywa hapo hapo yakiwa na povu na joto. Hakuna mtu kijijini kwetu amekufa na hii MERS. Kenya tuko na ngamia zaidi ya milioni nne, maziwa ya Isiolo yanaingia Eastleigh kila siku na mitungi, kama ingekuwa inaua hivyo si tungeisha? Naona mnaogopesha watu waache kununua maziwa, na hiyo ndio karo ya watoto wetu. Mama yangu amesomesha sisi wanne na maziwa ya ngamia.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku:

Ndugu yangu wa Korr umeuliza swali ambalo hata watafiti wamelihangaikia, na sehemu kubwa ya unachosema ni kweli.

Kirusi hiki kiko kwa ngamia wa Afrika tangu zamani. Damu za ngamia zilizohifadhiwa tangu 1983 kutoka Somalia na Sudan zilipopimwa zilikutwa na alama za kinga dhidi yake, na za Kenya tangu 1992. Kwa hiyo baba yako amekaa nacho muda wote huo. Na hapo hapo Marsabit baadhi ya wachunga ngamia wamepimwa wakakutwa na kirusi puani bila kuumwa chochote. Aina inayozunguka kwa ngamia wa Afrika ina tofauti kidogo na ile ya Uarabuni, maabara imeonyesha haizaliani vizuri kwenye mapafu ya mtu kama ile ya kule. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini pia jiulize, mzee akifa na kifua kijijini, hospitali iko kilomita mia, nani atampima MERS? Wagonjwa wa namna hiyo hatuwahesabu.

Kuhusu maziwa, sijasema watu wasinunue. Umeeleza vizuri mwenyewe, ndama ananyonya kwanza. Pua yake na mate yake yamebaki kwenye chuchu, na ndama ndiye mwenye virusi vingi, kisha unakamua juu yake. Ukichemsha maziwa kirusi kinakufa chote, kazi imeisha. Na hata ukiiacha MERS pembeni, kuna brusela, hiyo homa inayokuja na kuondoka miezi na viungo vyote vinauma, hiyo bila shaka unaijua na inatoka humo humo kwenye maziwa mabichi. Mama auze, mnunuzi achemshe.

---

Mtoto_wa_Korr:

Brusela naijua, imenilaza miezi mitatu 2017. Sawa, hapo kwa ndama umenishika. Wazee hawatapenda, wanasema maziwa yakichemka yanapoteza nguvu. Nitaongea na mama kwanza juu ya wateja wa mjini.

---

Kaka_Mkubwa_Seoul:

Naongezea jambo kwa sababu nililiona kwa macho yangu. 2015 nilikuwa nasoma Korea Kusini. Mzee mmoja wa miaka 68 alirudi kutoka safari ya biashara nchi za Ghuba mwanzoni mwa Mei akaanza kukohoa, akazunguka hospitali moja mpaka nyingine kwa zaidi ya wiki na hakuna aliyefikiria MERS mpaka tarehe 20 ndio majibu yakatoka. Kufikia hapo ilikuwa imeshatawanyika kwenye wodi. Mmoja wa walioambukizwa alikaa kwenye chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya Seoul siku chache tu na yeye peke yake akaambukiza watu zaidi ya 80. Mwisho wa yote wagonjwa 186, vifo 38, shule zaidi ya elfu mbili zilifungwa, mimi nilikuwa napanda treni ya chini kila mtu kaziba mdomo hakuna anayemwangalia mwenzake. Yote kutoka kwa msafiri mmoja.

Mkumbuke nesi kasema haiambukizi kirahisi, na ni kweli, hao karibu wote walipatia hospitalini, sio sokoni wala kwenye treni. Wakorea wana desturi kama yetu, mgonjwa anauguzwa na ndugu, mke anatandika mkeka chini ya kitanda, shangazi wanakuja na chakula, wodi moja vitanda vinne vitano na kila kitanda watu wawili pembeni. Mle ndani watu wanapewa oksijeni, wanawekewa mipira kooni, makohozi yanarushwa hewani. Kirusi kilichokuwa chini mapafuni kinapandishwa juu na matibabu yenyewe. Nilipoona zile picha kwenye taarifa ya habari nilikumbuka wodi ya baba yangu nyumbani, tulikuwa sita tumemzunguka kitandani tunampepea.

Kwa hiyo Mwana_Chumbageni, shangazi wote na majirani waambieni wasubiri. Salamu zipelekwe kwa simu.

---

BintiSalalah:

Na kwa wenzangu mlioko huku kwenye mazizi, najua wengi hamna pa kusema, kafili akikwambia kunywa unakunywa. Ila mikono osheni kwa sabuni mkitoka zizini, nguo za kazi msilalie, ngamia mwenye kamasi msimkumbatie shingo kama tunavyozoea, na ile tabia ya mkojo wa ngamia kuwa dawa WHO wamesema wazi tusinywe. Mwenye sukari au figo aombe kazi nyingine kama inawezekana kabisa. Kuna Mmalaysia alienda Umra 2014 akatembelea shamba la ngamia na kunywa maziwa yakiwa mabichi, karudi kwao akaumwa akafa. Alikuja kufanya ibada tu.

---

Mwana_Chumbageni:

Wakuu samahani kwa ukimya, leo siku ya nne ndio napata nafasi.

Alhamisi ile ile usiku tulifika hospitali ya mkoa. Nilitangulia mimi nikasema ile sentensi ya nesi neno kwa neno, nilikuwa nimeiandika kwenye simu. Dada wa mapokezi alinyanyuka hakuandika chochote, akaenda ndani akarudi na daktari kavaa barakoa nzito na miwani, dogo akapitishwa mlango wa nyuma moja kwa moja chumba cha peke yake. Oksijeni ilikuwa 89. Wakamwekea mpira wa puani. Sampo walichukua puani na kooni kisha wakamwambia akohoe kwa nguvu atoe makohozi ya chini, daktari akasema ya puani peke yake kwa MERS inaweza kudanganya kwa sababu kirusi kinakaa chini, nikamkumbuka nesi hapo. Ikapelekwa Dar. Mimi na bi mkubwa wakatuandika majina na namba, wakawa wanapiga simu asubuhi na jioni kuuliza homa.

Majibu yametoka jana, wamerudia mara mbili. MERS hakuna. Ni Uviko. Daktari anasema ukihesabu, Ijumaa kupanda ndege na Jumatatu kuumwa, inaelekea alipatia njiani, uwanja wa ndege alikaa masaa tisa anasubiri ndege ya pili. Na kumbe dogo hakuwahi kuchanjwa, kule azba alikuwa mbali na kila kitu. Leo oksijeni 95 bila mpira, ameomba chapati.

Ila bi mkubwa naye kapimwa anayo. Koo linamkereketa na kichwa, homa ndogo. Ana chanjo zote tatu, sukari asubuhi ilikuwa 9, wamempa dawa na kifaa kile cha oksijeni cha kubana kidoleni tumsomee kila baada ya saa nne. Nimemhamishia chumba cha mbele chenye madirisha mawili, anakaa upande wa upepo, mimi namwekea chakula kwenye stuli mlangoni. Amenikasirikia kidogo anasema namfanya mgeni kwenye nyumba yake.

Nesi naomba uniambie ikishuka chini ya ngapi ndio nikimbie naye?

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku:

Alhamdulillahi kwa dogo. Kwa mama, ikikaa 94 au chini ukiwa umepima mara mbili mkono una joto na hana rangi ya kucha, usingoje asubuhi, mpeleke. Vile vile akianza kuchanganya maneno, au kusinzia sana, au akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hata kama kifaa kinasema 96. Sukari mpime asubuhi na jioni, homa huwa inaipandisha. Maji anywe. Sasa hivi inasoma ngapi?

---

Mwana_Chumbageni:

97. Nimeisoma kupitia dirishani, kanyoosha mkono.